Umri wa Kuazima

"Muongo! Mwenye kiwanda hiki ni mimi!"

Sauti hiyo ndiyo iliyotukatisha wiki iliyopita, na najua wengine hamkulala vizuri. Haya, twende. Diep amesimama kwenye lango la kiwanda chake cha keki za tunda la doriani pale mjini Soc Trang, unga umemjaa mpaka viwikoni. Mbele yake yupo Bi Pruitt, afisa wa viza wa Australia, aliyefika asubuhi ile bila hodi wala simu. Ndio kwanza ameuliza swali jepesi, "Nani mwenye kiwanda?" na Diep ndio kwanza amejibu, "Mimi."

Na nyuma ya afisa, akichechemea na mkongojo wake, anaingia Ami Saba.

Diep akarudi nyuma hatua moja.

Ami Saba ni ami yake marehemu mumewe, mtoto wa saba kwao, na kwa namba hiyo mji mzima unamwita. Nyie mliomtumia mhariri ujumbe kwamba mzee huyu ni mlevi na mla rushwa, naomba mvute subira mpaka tumalize leo.

"Amesema nini?" Bi Pruitt akamuuliza mkalimani wake.

Mkalimani, mtu mzima aitwaye Loc, alikohoa. Diep alimkazia macho ya kuomba, macho ya nakusihi ndugu yangu, hili limeze. Loc akatazama viatu vyake, kisha akatafsiri neno kwa neno. Hakubakisha hata lile la "muongo".

Bi Pruitt akafungua faili.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo ilipo roho ya Diep. Australia hawamchukui mfanyabiashara kwa kumwonea huruma. Wanampima. Umri una pointi zake, miaka ya kuendesha biashara ina zake, mali ina zake, mauzo ya mwaka yana zake. Ukifikisha sitini na tano unaweza kualikwa. Ukipungukiwa hata moja, kaa kwenu upike keki.

Diep alikuwa nazo sitini na tano kavu, bila ya akiba hata moja. Ishirini kati ya hizo alipewa kwa sababu hajatimiza miaka arobaini na mitano. Machi ijayo anatimiza, na ishirini inageuka kumi na tano. Ombi hili likikataliwa, hakuna la pili.

Na kule Adelaide, huko huko Australia, kuna Yen, binti yake wa pekee, kigoli wa miaka kumi na mitano aliyetangulia kwenda kusoma. Mwaka wa pili huu hawajaonana. Siku hizi akipiga simu anamwambia mama yake "asante" kwa kila kitu, kwa adabu ile ya mtu anayezungumza na mgeni. Diep akikata simu hulia peke yake stoo, katikati ya magunia ya choroko.

"Dada Diep!" Phuoc akaja mbio kutoka ofisini, tabasamu limemjaa usoni na jasho limemjaa shingoni. Huyu ndiye wakala wake wa viza. Akamsogelea sikioni. "Sema mzee amechanganyikiwa. Sema sasa hivi."

"Ni ami yake mume wangu, Phuoc."

"Mumeo yuko kaburini, mwanao yuko Adelaide. Chagua!"

Diep alikuwa hajafungua mdomo, Phuoc akamgeukia afisa na kumwaga Kiingereza chake cha kupaka mafuta. Mzee mgonjwa, akasema. Kumbukumbu hana. Jana alidai hospitali ya mkoa ni yake.

"Huyu kinyago anasemaje?" Ami Saba akauliza.

Loc, maskini, kazi ni kazi. Akatafsiri hilo nalo.

Bi Pruitt hakucheka. "Bi Diep, nakuuliza wewe, simuulizi wakala wako. Mzee huyu ana akili timamu?"

Wafanyakazi walikuwa wameacha kukanda unga. Diep alitaka kusema hapana. Naam, alitaka, tusimpambe. Neno lilikuwa limeshafika mwisho wa ulimi. Lakini akafanya kosa la kumtazama mzee usoni, akaona kidevu kinamtetemeka.

"Ana akili kuliko sisi sote hapa," akajibu.

Phuoc akamkanyaga mguu.

"Basi kiwanda ni chake?"

"Si chake. Yaani, ni chake. Yaani ni changu, ila nilimuuzia."

"Ulimuuzia lini?"

"Kabla sijakijenga."

Bi Pruitt alivuta kiti cha plastiki akakaa kwenye meza iliyokuwa karibu, kama mtu aliyegundua kwamba chai ya saa nne itampita. "Nielezeni," akasema, "na mtu mmoja tu azungumze."

Wakazungumza wote. Mwishowe sauti ya Ami Saba ndiyo iliyobaki juu.

"Huyu alitaka kujenga mwaka ambao umri wake ni mbaya! Mwalimu wa nyota akapiga hesabu, akatikisa kichwa. Ukijenga na umri mbaya, ama unajimaliza mwenyewe, ama unammaliza mwenzio wa ndani, ama watoto, ama mifugo. Haya, mwenzie ameshakufa. Mifugo hana. Amebaki nani hapo? Si Yen? Kitoto cha miaka sita wakati ule!"

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo akaazima umri wangu. Wangu ulikuwa safi. Akaniuzia kiwanja, nikawasha udi, nikapiga jembe la kwanza, na yeye akaenda kujificha nyumbani kwa Lanh, huyu wa majikoni, haruhusiwi hata kuchungulia. Mizimu ikaandikiwa kwamba anayejenga ni mimi. Nyumba ikisimama, mwenyewe anakuja kuikomboa. Mila ndivyo ilivyo. Sasa muulize, amekomboa?"

Loc alitafsiri taratibu, akichagua maneno. Bi Pruitt aliinua macho kutoka kwenye faili, na kwa mara ya kwanza kona ya mdomo wake ikasogea.

"Kumbe na nyinyi mna pointi za umri?"

"Ulidhani mmeanza nyie?" Ami Saba akang'aka. "Nyie mmempa ishirini. Sisi mwaka ule tulimpa sifuri!"

Kiwanda kizima kikaangua kicheko. Hata Diep alicheka, na akavuta pumzi ambayo alikuwa hajaivuta tangu afisa afike.

Asingejipa moyo mapema hivyo. Bi Pruitt alikuwa ameshaacha kutabasamu.

"Hati ya kiwanja ina jina la nani?"

"Langu," Diep akajibu.

"Leseni? Kodi?"

"Yangu. Zote zangu."

"Mzee, unadai pesa?"

Ami Saba alimtazama yule mama kama aliyetemewa mate. "Pesa? Mwambie huyu bibi mimi nimefuga bata maisha yangu yote na sijawahi kumwomba mtu hata yai. Pesa!" Akapiga mkongojo sakafuni. "Nataka akomboe nyumba yake. Basi! Miaka tisa nimebeba nuksi yake mgongoni. Mguu huu umekufa. Mke wangu amekufa. Bata wangu walikufa banda zima kwa wiki moja. Sisemi ni kwa sababu hiyo. Nasema tu ndivyo ilivyokuwa. Sasa nasikia anapanda ndege anahama. Akishavuka bahari, nitamtupia nani mzigo huu? Nife nao?"

Hapo tena hakuna aliyecheka.

"Ami," Diep akasema, "kwa nini hukuja kuniambia?"

"Nimekuja! Mara ngapi nimekuja!"

"Alikuja, Dada." Ni Lanh huyo, mama wa kwenye majiko, anajifuta mikono kwenye aproni asijue aiweke wapi. "Mara ya mwisho mvua ilikuwa inamnyeshea pale pale langoni. Bwana Phuoc alisema ndugu yeyote akija tumwambie hupo. Alisema ni amri yako."

Diep akamgeukia wakala.

"Ndugu wanaharibu ukaguzi," Phuoc akanong'ona. "Nilikwambia ukakubali."

Kweli alikubali. Wakala alisema ndugu wasikanyage kiwandani mpaka afisa apite, na yeye akaitikia kwa kichwa bila kufikiri, maana siku hiyo alikuwa na keki za sikukuu ya mwezi mpevu mpaka darini. Hakujua kwamba ndugu mwenyewe ni mzee wa mkongojo kwenye mvua. Aibu ilimpanda mpaka masikio yakamuwaka.

"Na simu je, Ami? Si ungepiga simu?"

"Mambo ya mizimu yanaongelewa kwenye simu, wewe binti? Umeingiwa na nini?"

Bi Pruitt aligonga kalamu mezani. "Hiyo shughuli ya kukomboa inachukua muda gani?"

"Udi ukiisha, nayo imeisha," Ami Saba akajibu.

"Basi ifanyeni. Sasa hivi, mbele yangu. Mzee huyu ametamka kwamba kiwanda ni chake, siwezi kujifanya sijasikia. Lakini akitamka kwamba si chake tena, hilo nalo nitaandika."

Mngeona watu walivyotawanyika! Lanh akakimbilia mchele na chumvi. Mwingine akaleta maji, mwingine chai, mwingine sinia la keki zilizotoka jikoni wakati huo huo, zinanukia doriani na kiini cha yai la bata. Mkeka ukatandikwa mbele ya kile kimadhabahu chekundu cha mungu wa ardhi, sakafuni kando ya mlango, ambapo kila asubuhi Diep humwekea kahawa na sigara moja.

Diep alijisikia mwepesi ghafla. Shida yenyewe ni hii tu? Udi na chumvi? Alitoka nje ya lango kama mila inavyotaka, akahesabika mgeni, akanawa mikono, kisha akaingia tena kama mnunuzi. Hata Phuoc alianza kupumua. Alimwonyesha dole gumba.

Ami Saba alipiga magoti kwa shida, ule mguu wake mbovu ukigoma kukunjika. Alikataa kusaidiwa. Akawasha udi, akauinua mpaka kwenye paji la uso.

"Mimi, wa saba katika ukoo wa Lam, niliyejenga nyumba hii kwa umri wangu, leo nairudisha kwa mwenyewe. Anayekomboa ni nani?"

"Mimi, Ngo Thi Diep."

"Mzaliwa wa wapi?"

"Wa Vung Thom."

"Umezaliwa mwaka gani?"

Diep akafungua mdomo, na mdomo ukabaki wazi.

Yallah! Hilo hakulifikiria. Wala mimi ningekuwa yeye nisingelifikiria, kwa jinsi mambo yalivyokuwa yanakwenda vizuri.

Diep ana miaka miwili ya kuzaliwa, kama walivyo majirani zake wengi tu. Upo wa kweli na upo wa karatasi. Wa kweli ni elfu moja mia tisa sabini na nne, mwaka wa Chui Milia, kwa ile kalenda ya huko inayoupa kila mwaka mnyama wake. Mama yake alipoona amezaa mtoto wa kike kwenye mwaka wa Chui Milia, alishika kichwa. Nani atamwoa? Watasema atamla mume. Akakaa kimya mpaka mwaka ukageuka, ndipo akaenda kumwandikisha: sabini na tano, mwaka wa Paka, mnyama mpole anayelala jikoni. Tangu hapo wa kweli ukawa wa kupigia nyota na kuchagulia siku, na wa karatasi ukawa wa serikali. Haijawahi kukutana, na hakuna aliyeona ubaya wake.

Siku ya kwanza ya kujaza fomu, Phuoc mwenyewe alimuuliza, kama mtu anavyouliza chai ya sukari au kavu, "Mwaka wa kweli au wa karatasi?" Diep akamtajia yote miwili. Phuoc akapiga hesabu kidogo, akasema, "Ule wa kweli usahau. Usiutaje hata ndotoni."

Maana kwa mwaka wa kweli, siku alipoalikwa kuomba viza Diep alikuwa ameshatimiza arobaini na mitano. Zile ishirini ni kumi na tano. Zile sitini na tano ni sitini.

Sasa fanyeni nyie. Akisema Paka, faili la Bi Pruitt linabaki salama, lakini aliyekomboa nyumba ni mtu asiyekuwepo duniani, na nuksi inabaki mgongoni kwa mzee. Au inashuka hapo na kumfuata Yen. Diep amesoma chuo cha biashara Can Tho. Muulize siku ya kawaida kama anaamini mambo haya, atakucheka. Lakini leo yuko magotini, moshi wa udi unamuingia machoni, na mzee aliyejitwika mkosi wake amepiga goti juu ya mguu uliokufa.

"Paka," Phuoc akanong'ona nyuma yake. "Sema Paka! Baadaye utakuja kumweleza mungu wa ardhi taratibu, akiwa ameshaondoka huyu mama."

"Mwanangu," Ami Saba akasema, "udi unaungua."

Hakujua anauliza nini, masikini wa Mungu. Yeye tangu zamani anamjua kama Chui Milia, maana kwa mwaka huo ndio walipiga ile hesabu ya kujenga. Mambo ya fomu ayajulie wapi?

Diep alimchukia mzee huyo kwa nguvu zake zote. Na papo hapo alimpenda mpaka kifua kikambana. Alimwona amesimama langoni mvua inampiga, anaambiwa mwenyewe hayupo. Alimwona Yen naye, na zile asante zake.

Majivu ya udi yakapinda, yakadondoka kwenye mkono wa mzee. Hakuutikisa.

"Chui Milia," Diep akasema. Kisha akarudia kwa sauti, asije akasikika vibaya huko anakosikilizwa. "Nimezaliwa mwaka wa Chui Milia."

Phuoc alitoa sauti kama puto linalotoka upepo.

Ami Saba akainama mara tatu, akachomeka udi kwenye kikopo cha mchele. Akachota chumvi, akaiweka kwenye kiganja cha Diep na kukifumba kwa mikono yake miwili. "Haya. Chukua nyumba yako, mwanangu. Mimi sina changu hapa tena." Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye kidevu, na alikuwa anacheka. "Lanh, niinue! Wallahi najisikia mwepesi, nitapaa!"

Makofi yakapigwa. Bi Pruitt naye akapiga, kwa heshima, kidogo kidogo. Kisha akachukua kalamu.

"Vizuri sana. Nimeelewa yote isipokuwa pale mwisho. Alimuuliza swali akachelewa kujibu. Alijibu nini?"

Loc akatazama tena viatu vyake.

Loc ni mtu wa My Tho. Amezaliwa huku huku, na mama yake pia ana miaka miwili ya kuzaliwa. Faili la Diep alikuwa amelisoma njiani, ndani ya gari, na Paka na Chui Milia hawafanani hata gizani. Rangi ilikuwa imemtoka usoni.

"Bwana Loc?"

"Amesema... mwaka wake wa kuzaliwa."

"Upi?"

Feni za majiko zilikuwa zinazunguka. Mtu mmoja alisogeza sinia, akaona amefanya kelele, akaacha. Loc alimgeukia Diep, na safari hii yeye ndiye aliyekuwa na macho ya kuomba. Ana watoto. Amekula kiapo.

Diep akasimama. Alijifuta magoti, akamtazama Bi Pruitt, na akasema kwa Kiingereza chake mwenyewe, kile alichojifunzia kwenye redio huku akikanda unga, kimevunjika lakini kinasikika.

"Sabini na nne, Bi Afisa. Fomu imeandikwa sabini na tano. Fomu ndiyo inayodanganya. Huyu bwana usimsumbue."

Bi Pruitt aliweka kalamu chini.

Akafungua ukurasa wa mbele, akaangalia tarehe ya mwaliko, akaangalia ukurasa wa pointi. Alichukua muda mrefu kuliko hesabu yenyewe ilivyohitaji. Ukweli ni kwamba alikuwa ameanza kumpenda mwanamke huyu, na lilimuuma.

"Ishirini inakuwa kumi na tano," akasema.

"Najua."

"Unabaki na sitini."

"Najua, Bi Afisa. Hesabu hiyo naipiga kila siku ya Mungu."

Na hapo Diep akalia. Alilia mbele ya wafanyakazi wake, mbele ya afisa, unga mashavuni ukageuka uji. Hakujuta na alijuta, vyote kwa pamoja. Nani ataweza kumtenganishia?

"Kuna nini?" Ami Saba aliuliza, kicheko hakijamtoka vizuri. "Mbona analia? Si tumemaliza? Lanh, kuna nini?"

Lanh ndiye aliyeinama akamnong'oneza, akimpapasa bega. Mzee alisikiliza. Mkongojo ukamtoka mkononi ukaanguka.

"Nimemuua," akasema. "Jamani, nimemuua mtoto wa watu kwa mdomo wangu."

"Hukujua, Ami."

"Ungesema Paka! Si ungesema Paka tu, mwanangu? Mimi ningebeba! Nilishazoea!"

Diep akaushika mkono wa mzee, ule uliodondokewa na majivu.

Bi Pruitt alisubiri watulie. Kisha akasogeza kiti mbele, akazungumza taratibu, na Loc akatafsiri taratibu vile vile, asipoteze hata herufi.

"Bi Diep, umri nimeusikia na siwezi kuusahau. Lakini nina swali jingine, na naomba ulifikirie kabla hujajibu, kwa sababu mengi nitakayoandika leo yatategemea jibu hilo. Mwaka huu kwenye fomu uliuweka peke yako? Au kuna mtu aliyeujua ukweli akakwambia uandike hivi?"

Diep akainua uso.

Bi Pruitt alikuwa amempa mgongo Phuoc. Loc pia. Ni Diep peke yake aliyekuwa anamwona wakala wake vizuri, na alichoona kilimshangaza, maana Phuoc hakuwa na jasho tena. Alikuwa amesimama ametulia kabisa, anachezea simu yake.

Kisha akaigeuza ile simu, kioo kikamwelekea Diep.

Yen.

Yen mwenyewe, wa sasa hivi, kwa simu ya video, amekaa jikoni Adelaide siku ya likizo, nywele amezifunga juu, anakula tambi na kucheka. Pembeni yake mwanamke wa makamo anamwongezea mchuzi bakulini. Diep alimjua kwa picha: Bi Hoa, mama mwenye nyumba anamomlelea mtoto, yule aliyepatikana kupitia watu wa skuli. Yule asiye na undugu na mtu.

Phuoc alikuwa ameziba tundu la sauti kwa kidole gumba. Akazungumza kwa upole, kwa lugha ya Wachina wa Soc Trang, ile ambayo Diep ameinyonya kwa bibi yake na ambayo Loc wa My Tho haijui hata salamu.

"Ni dada yangu huyo, Diep. Tumbo moja. Sikukwambia? Anasema Yen ni mtoto mzuri mno. Anasema itamuuma sana kumtoa nje na mabegi yake leo jioni."

"Anasema nini?" Bi Pruitt akamuuliza Loc bila kugeuka.

"Sijui, Bi. Hiyo si lugha yangu."

Diep aliikamata meza. Chumvi ilikuwa bado imo kiganjani, inamchoma.

"Bi Diep," afisa akasema, "ni ndiyo au hapana. Kuna mtu aliyejua?"

Kwenye kile kioo, Yen aliinua uso kutoka kwenye bakuli. Akasogea karibu, akakunja macho, akatazama vizuri. Tabasamu likamfutika.

Kidole cha Phuoc kilikuwa kimeteleza kidogo.

"Mama?" ile simu ikasema, kwa sauti iliyofika mpaka kwenye majiko. "Mama, huyo si wewe? Mbona unalia?"

Na Bi Pruitt akageuka.